Matundu Yaliyohama

Kinyozini, 9 Januari

Mjukuu wangu Tochi,

Barua hii ikukute umesimama, maana kazi yako ya kuwaonyesha watu viti kwenye giza la sinema haina kukaa. Huku tuko wazima. Mama yako ni mzima, na mdomo wake ndio mzima zaidi. Paka wa duka amezalia juu ya taulo zangu safi, nimemsamehe kwa sababu ya watoto. Mimi usiniulize, niko kama wembe unaotoka kwenye karatasi yake.

Simu uliyoniachia iko kwenye droo, imelala. Kwenye simu unanikatiza halafu unacheka, nami nikichekwa hoja hunitoka. Kwenye karatasi hunikatizi. Mkono wangu wa kalamu ni mzito, shule niliiacha mapema nayo haikunililia, lakini mkono wa wembe mji mzima unaujua. Nimenyoa mahakimu, nimenyoa waliofungwa na mahakimu hao, nimenyoa mabwana harusi wanaotetemeka kama majani, na hakuna aliyetoka kwangu na tone la damu.

Sasa ugomvi wenyewe. Mama yako anataka nifunge duka. Eti macho. Eti nimemwaga chai, eti nilimpita jirani mwenye cherehani bila salamu. Yule hata ningemwona ningempita, maana ukimuuliza hali anakujibu yote. Nikamwambia mama yako: wewe mtoto, macho haya yameona makosa ambayo dunia nzima imeyalipia kiingilio na haikuyaona.

Ni ile filamu ya Jua Lililolala. Fundi Redio wa mlango wa pili ametuwekea kwenye flashi, imetiwa sauti za Kiswahili, inazunguka kutwa wateja wakingoja zamu. Kuna ufalme huko juu, jua lake limelala usingizi, baridi imeingia hadi kwenye ndoto za watu. Kijana anapewa kaa la mwisho la jua ndani ya chupa, apite nalo katikati ya nyota akaliamshe. Chombo chake kama kokwa la parachichi. Nakiri, inanoga. Nyota zinapita polepole, kama mvi zinapoanguka juu ya shuka jeusi, na mtu unasahau una kichwa cha nani mkononi.

Lakini hadithi imetoboka kama chandarua kuukuu. Kwanza, vyombo vinawaka moto huko kusiko na hewa. Mimi nawasha jiko la mkaa kila asubuhi, mtu asinifundishe moto. Tena kijana ni wa kushoto, upanga uko mkono wa kushoto filamu nzima, lakini kwenye kalenda ya filamu hiyo hiyo iliyo ukutani kwangu ameushika kwa kulia. Halafu kuna lile gereza la chuma. Kijana amefungiwa, amekaa, amesikitika, mara komeo linajifungua lenyewe, huyoo anatoka. Nani kafungua? Hakuna! Komeo gani hilo linamhurumia mtu?

Mwisho peke yake ndio sina ugomvi nao. Kijana amefika kwenye nchi ya majivu meupe, chombo kimeungua, kaa limepona. Na pale kwenye mlango wa mwanga amesimama mama yake, malkia, ambaye tulidhani amekufa. Hasemi. Anamngoja amalize. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama hivyo hivyo mlangoni mwa duka nikiwa na mteja wa mwisho. Hapo hata mkasi wangu husimama.

Mwalimu Mstaafu, yule anayelinda benchi langu tangu aache chaki, anasema filamu haina kosa, mimi ndiye sijaelewa. Mama yako akadakia: haya, mwandikie Tochi, yeye ameiona mara nyingi kuliko walioitengeneza. Akisema baba umeona sawa, sitataja macho tena. Akisema hukuona vizuri, unafunga duka. Nikampa mkono mbele ya Mwalimu na Fundi Redio. Kwa hiyo wewe ndiye hakimu. Hukumu kwa haki, na ukumbuke ni nani alikufundisha kuendesha baiskeli.

Mimi babu yako, mkono usiotetemeka.


Mlangoni mwa ukumbi, 28 Januari

Shikamoo Babu,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za nyuma, wakati watu wamekaa na taa zimezimwa. Mimi sijambo, miguu tu. Mwenzangu wa chumba naye hajambo, amepata kazi ya kushona sare na sasa anaota vifungo. Mwambie Mama kitenge chake nimekituma kwa basi, na kwamba sikuomba uhakimu. Hongera kwa paka.

Hakimu amekaa sasa. Kuhusu moto, umeshinda. Nimemuuliza hata fundi wetu wa mitambo anayeirusha filamu. Akakuna kichwa, akasema moto ule ni wa kuwafurahisha macho wenye macho. Na milio ya mabomu pia, pasipo hewa pasingekuwa na sauti. Hilo nakuongezea bure.

Kuhusu upanga, Babu, kijana ni wa kulia. Kaa nikuulize. Tivii ilitundikwa juu ya mlango, sivyo? Na wewe unaponyoa, mlango umeupa mgongo. Basi unaitazama wapi? Ndani ya kioo! Umeona filamu nzima kulia kukiwa kushoto. Nimecheka mpaka muuza bisi akaniletea maji.

Na komeo halikujifungua. Ni kile kibirika cha chuma chenye magurudumu, kile kinachomfuata kijana kikilalamika. Kinatokea pembeni kabisa, kinalivuta kwa mdomo wake. Hapo watoto wote hushangilia. Labda kichwa cha mteja kilikukinga. Geuza kiti, uitazame uso kwa uso kama wateja wako, halafu uniandikie. Hukumu naiahirisha.

Siku hizi nikisimama mlangoni, mwanga wa mtambo unapita juu ya vichwa vya watu na vumbi linaelea ndani yake, nami kwa muda sijui nyota ni zipi, zile za kwenye pazia au hizi zinazotutulia mabegani. Ndipo mtu aliyechelewa ananigusa mkono, nawasha tochi, nakumbuka nina kazi.

Mjukuu wako,
Tochi.


Kinyozini, 16 Februari

Marahaba, hakimu wangu.

Tumeipokea barua, tumeisoma kwa sauti, Fundi Redio amecheka kupita kiasi. Mama yako amekaza kitenge kiunoni akazunguka mara mbili, kimempendeza. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mvua imenyesha ikapitia kwenye bati la nyuma, nimeziba.

La kioo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nakupima kama una akili ya kutosha kwa kesi hii. Umepita.

Basi nikageuza kiti, nikakaa mahali pa mteja, kwa mara ya kwanza tangu nikinunue. Ni kiti kizuri. Sikujua kama nawaweka watu mahali pazuri hivi. Kinakubeba kama maji. Nikaegemea, nikamwambia Mwalimu anyamaze, tukaianza filamu upya.

Sikia maajabu, Tochi. Filamu imebadilishwa! Kibirika nimekiona. Kimekuja na magurudumu yake, kimevuta komeo, nimecheka mwenyewe. Lakini palipokuwa pazima ndipo palipotoboka. Yule jenerali msaliti, ambaye nilipotazama kwenye kioo mtumishi mzee alimtokea na kumchoma mkuki, sasa anaanguka peke yake kama gunia lililochoka. Nani kamuua, upepo? Nawe umesema huko juu hakuna hewa.

Na mwisho wameuharibu. Kijana anafika kwenye majivu meupe, ananyoosha mkono mahali patupu, anatabasamu kama mwehu. Anamtabasamia nani? Mlango upo nusu, mwanga upo nusu, mama yake hayupo. Wamemwondoa. Nilimwendea Fundi Redio nikamwambia, rudisha ile flashi yenye malkia. Anaapa kwa mama yake kwamba hakuigusa. Kila fundi ana kiapo chake.

Tangu siku hiyo naota. Duka linaelea, kiti kinazunguka taratibu bila mtu, na wateja waliovaa mashuka meupe wanapita dirishani wakinipungia kama wasafiri wa kule juu. Hakuna anayetaka kunyolewa. Najua kuna mtu amesimama mlangoni ananingoja, nasikia mpaka harufu ya sabuni yake. Nageuka, simwoni. Filamu mbovu inaharibu hata usingizi wa watu.

Mwalimu haji tena kunyolewa, anakuja kukaa tu. Anasema nywele ndefu zinamfaa. Ni mtu mzima, ana haki ya kuharibikiwa.

Leta hukumu. Mama yako ameanza kulipima duka kwa kamba, anasema litafaa kwa vitambaa. Mtu asiyeona angeona malkia ameibwa? Jibu hilo.

Babu yako, ambaye hadanganywi na flashi.


Mlangoni mwa ukumbi, 24 Machi

Shikamoo Babu,

Samahani kwa kukawia. Kulikuwa na kazi, halafu mafua, halafu kazi tena. Sasa nimepona. Mwenzangu wa chumba amenishonea koti lenye mifuko mingi kuliko vitu nilivyo navyo. Ukumbi umepakwa rangi mpya, buluu nzito, na ukiingia kutoka kwenye jua la mchana unahisi kama umezama mahali pasipo na sakafu. Watu hunishika bega bila kuniomba. Nimezoea.

Kuhusu filamu nitaandika nikipata utulivu.

Nina maswali madogo tu. Ile chai uliyoimwaga, kikombe kilikuwa upande gani? Na jirani mwenye cherehani, ulikuwa unatoka au unaingia? Na Mwalimu, kwa nini hanyolewi?

Ukipata nafasi nijibu. Uwe na subira na Mama.

Tochi.


Kinyozini, 5 Aprili

Wewe Tochi,

Sote wazima, salamu zimekwisha.

Nimengoja hukumu tangu Februari, umeniletea habari za mafua na rangi ya ukuta. Mimi nimekuuliza malkia yuko wapi, wewe unaniuliza kikombe kilikuwa upande gani. Kilikuwa kushoto! Mama yako siku hizi huweka kila kitu kushoto, makusudi, ili nikimwaga apate la kusema. Jirani naye kahamishia cherehani yake kushoto mwa mlango wangu. Hata mlango wenyewe umepinda, bega langu la kushoto lina alama yake. Nitamwita seremala.

Ya Mwalimu muulize Mwalimu.

Usinizungushe. Mwenye duka anakaa na mkasi mkononi, anangoja mtoto aliyembeba mgongoni aseme neno moja. Ukiogopa mama yako, sema. Ukiwa huna jibu, sema vilevile, nitajihesabia ushindi. Fundi Redio nimempiga marufuku mlangoni kwangu, haingii mpaka amlete malkia.

Jana nimemwota tena yule wa mlangoni. Safari hii alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kuniambia chakula kinapoa. Nimegeuka mzima mzima na kiti. Hakuna mtu.

Andika.

Babu yako.


Mlangoni mwa ukumbi, 22 Aprili

Shikamoo Babu yangu,

Natumaini umekaa. Kama umesimama, kaa kwenye kile kiti kizuri. Mimi sijambo. Mwenzangu naye hajambo. Habari nyingine za huku zitangoja.

Kimya changu kilikuwa na barua ndani yake. Niliandika kwamba uko sahihi, Fundi Redio kabadilisha flashi, Mama akae kimya, duka libaki wazi. Ilikuwa barua tamu. Ungeisoma kwa sauti dukani na kuibandika kwenye kioo. Nimeichana.

Babu, filamu haijabadilika. Ni hiyo hiyo inayoonyeshwa hapa kila siku, na malkia yupo. Kilichohama ni matundu. Ulipotazama ndani ya kioo hukukiona kibirika, maana hutokea kulia mwa pazia, na kioo kilikipeleka kushoto kwako. Ulipogeuza kiti, kibirika kikaja upande wako mzuri. Wakapotea wale wanaokaa kushoto: mtumishi mwenye mkuki, na malkia. Tundu la filamu hubaki pale pale hata ukikaa juu ya paa. Hili linakufuata kila unapokaa.

Kikombe kilikuwa kushoto. Jirani yuko kushoto. Mlango haukupinda. Na Mama ameniambia kwenye simu habari za wembe wako na sikio la Mwalimu, na kitambaa alichokishika hadi zahanati. Ni la kushoto. Wewe hukuniandikia. Nilisoma barua zako zote mara mbili nikitafuta, nikakuta umeandika tu kwamba nywele ndefu zinamfaa.

Ulinifundisha mwenyewe, kinyozi hajinyoi. Fundi wa mji mzima, lakini kufika kisogoni kwake lazima akalie kiti cha mwenzake. Mimi leo nimeshika kisogo chako tu, Babu. Usinichukie kwa nilichokiona huko.

Hukumu yangu ni hii: hukuona vizuri. Ya duka mtaongea wewe na Mama. Mimi nataka uende hospitali wiki hii. Huenda ni kitu kinachoendelea, na hakitangoja tumalize ubishi.

Mjukuu wako anayekupenda,
Tochi.


Kinyozini, 3 Mei

Barua imefika. Paka hajambo. Huku hatuna la kuongeza.

Salamu kwa wenye macho.

Kinyozi.


Mlangoni mwa ukumbi, 14 Juni

Shikamoo Babu,

Nimeandika barua nyingine mbili nyepesi, sikuzituma. Hii ninaituma hata kama itakaa kwenye droo pamoja na simu. Nikimuuliza Mama anajibu tu, “Muulize mwenyewe.” Kwa hiyo sijui kama umekwenda au hukwenda. Kila basi la kutoka huko likifika naangalia mikono ya watu kama kuna bahasha.

Leo Jua Lililolala limeonyeshwa hapa kwa mara ya mwisho. Maonyesho ya mchana, ukumbi karibu mtupu, mama mmoja na watoto wake, na wazee wawili waliokuja kulala. Niliwapeleka wote kwenye viti, halafu nikafanya kitu kisichoruhusiwa. Nilikaa.

Niliweka kiganja kando ya pua, nikaficha upande wote wa kushoto wa pazia. Nilitaka kuiona filamu yako. Babu, ni filamu ya ajabu. Watu wanakufa bila muuaji. Sauti zinatoka mahali pasipo na midomo. Nyota zinaogelea hadi katikati ya mbingu, halafu zinanywewa na kitu usichokijua. Kijana anakwenda peke yake muda wote, hata anapocheka, na mwishoni ananyoosha mkono kwenye hewa tupu. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ningekuwa mimi ningemkaba Fundi Redio.

Nililia, nafikiri wale wazee walinisikia. Kisha nikaondoa kiganja. Alikuwa amesimama pale pale, na joho lake la rangi ya maziwa. Hakuwa amekwenda popote.

Sikuandikii ili nishinde. Uhakimu nimeuacha. Wiki ijayo tunaonyesha filamu ya mbwa mpelelezi, nayo nadhani haina akili kabisa, ungeifurahia.

Nikipewa likizo Agosti nataka kuja. Kama hutaki, niandikie neno moja tu, nitaelewa.

Tochi.


Kinyozini, 30 Julai

Tochi, mjukuu wangu,

Marahaba tatu, kwa zile shikamoo ambazo sikuzijibu. Mama yako mzima, anaimba akifagia, jambo ambalo hakulifanya tangu awe mwari. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja amekwenda kwa jirani mwenye cherehani, na sasa jirani ana mtu wa kumweleza hali yake. Bati la nyuma linavuja tena.

Nilikasirika. Barua yako ya Aprili niliiweka chini ya chupa ya spiriti ili nisiione, na kila nikichukua spiriti naiona. Halafu nikasema, nitakwenda huko hospitali, nipewe cheti cha macho mazima, nikitie kwenye fremu, nikupelekee kwa basi uaibike mbele ya muuza bisi. Ndiyo nia niliyokwenda nayo. Liandikwe hivyo.

Na kweli nimeshinda! Daktari, kijana mwenye panki ambalo aliyemnyoa anastahili kushtakiwa, amenimulika, akanimulika, akasema, “Mzee, macho yako ni mazima.” Nikamwambia mama yako, umesikia? Mama yako akasema, “Baba, ngoja amalize.” Akamaliza. Eti ni kichwani. Kamshipa kadogo kaliziba, pengine ule mchana wa mwaka jana nilipoumwa kichwa nikanywa chai nikalala. Macho yanaona yote, ila habari za upande wa kushoto zinatumwa hazifiki. Kama barua zako kwangu, nikamwambia. Hakuelewa.

Nilimuuliza zitarudi lini. Akaniangalia vizuri, akasema hazitarudi. Nampenda kwa hilo, hakunizungusha. Amenipa vidonge ili mshipa mwingine usifuate mkumbo, akasema ningekawia zaidi huenda ungefuata mkubwa, na hapo nisingekuwa na ubishi wala mdomo wa kubishia. Tukarudi nyumbani. Mama yako alinishika mkono wa kushoto njia nzima, nami sikumwambia aache.

Wembe nimeupaka mafuta, nimeufunga kwenye flaneli. Nimeufunga mimi mwenyewe, hakuna aliyeninyang'anya. Duka halikufungwa. Mama yako ndiye anayeshika mashine. Umesema kinyozi hajinyoi, umesahau ni nani amekuwa akininyoa kichwa changu miaka yote hii Jumapili asubuhi, huku mimi nikimkaripia: inua, shusha, usikandamize. Kumbe nilikuwa nafundisha. Ana mkono mzuri. Sijamwambia, na wewe usimwambie.

Mwalimu amekuja kukata ule msitu wake. Nilikuwa nimekaa benchini, mahali pake. Nikamwambia, “Mwalimu, samahani kwa lile sikio.”

Akasema, “Lipi?”

“La kushoto.”

“Ongea kwa sauti, upande huo sisikii.”

Nikapaza, “LA KUSHOTO!” Akacheka mpaka mama yako akazima mashine. Anasikia vizuri kuliko mimi, shetani mkubwa yule. Fundi Redio naye nimemruhusu aingie. Nimemwambia nimemsamehe. Anauliza kosa gani.

Sasa nikueleze ya jana. Mchana ulikuwa wa joto, duka tupu, mama yako amekwenda sokoni. Nilikaa kwenye kile kiti nikaiwasha filamu, sauti chini. Daktari ameniagiza nigeuze shingo kwenda kushoto mara kwa mara, kwa makusudi, hata nikiwa na hakika kwamba hakuna kitu. Hasa nikiwa na hakika, alisema. Ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Nilikuwa nasinzia kidogo, nyota zinapita, feni inazunguka, sikujua vizuri kama naitazama au naiota. Jenerali akaanza kuanguka. Nikageuza shingo. Mtumishi huyu hapa na mkuki wake, mzee mwenzangu, anahema. Nikampigia makofi.

Tukafika kwenye majivu meupe. Kijana akanyoosha mkono wake mahali patupu, akatabasamu. Moyo wangu ulikuwa unaniambia hakuna mtu hapo, Tochi, nakuapia, ungeniwekea dhahabu ningekataa. Nikageuza shingo.

Yupo.

Amesimama kwenye mlango wa mwanga na joho lake, kama ulivyosema. Hasemi. Nilisimamisha picha, nikakaa naye mpaka mama yako aliporudi na kikapu akaniuliza naangalia nini. Nikamwambia aje aone. Akaja akasimama kando ya kiti, kushoto, kikapu bado mkononi.

Ndoto zangu bado zinaelea, ila sasa nikiwa humo nageuza shingo. Sitakuambia namwona nani, hiyo ni nyumba ya watu wawili.

Kuhusu moto usiowezekana, usisahau, ushindi ni wangu, na wewe uliuthibitisha kwa maandishi.

Agosti njoo. Usinipigie simu kwamba umefika stendi, na ukifika dukani usiniite. Ingia polepole, usimame kushoto kwangu, unyamaze.

Nitakutafuta mwenyewe.

Babu yako.